Dada Pasi na Muhuri wa Mwajiri

Mimi ndiye niliyemharibia dada yangu fomu, kwa hiyo nina haki ya kwanza ya kueleza jinsi alivyoishinda serikali. Watu wa mtaani wanaisimulia vibaya. Wanaanzia mahakamani, kwenye kicheko, kana kwamba mambo yale yalidondoka kutoka darini. Na wengine wananitoa kabisa kwenye habari, uonevu ambao siwezi kuunyamazia.

Dada yangu huyu ni kitinda mimba wa mama yetu, na kazi yake ni udobi. Mtaani anaitwa Pasi. Jina nilimpa mimi, ingawa marehemu shemeji yangu alikuwa akidai ni lake, na marehemu hatubishani naye. Pasi ya mkaa haitoki mkononi mwake, na ukimgusa vibaya unaungua, basi jina likamkaa kama shati la kupimwa. Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia darasa la sita, lakini darasa hilo nililisoma miaka miwili, kwa hiyo kwa hesabu ya haki mimi ni mtu wa la saba.

Ukiingia uani kwa dada unapokewa na mvuke. Makarai manne yamepangwa ukutani: la kulowekea, la sabuni, la kusuuzia, na la mwisho la maji ya bluu kwa nguo nyeupe. Kamba sita zinakatiza ua, na ukitaka kumfikia inabidi uiname chini ya mashuka ya watu usiowajua. Meza ya pasi imevikwa blanketi zito lililoungua pembe moja, siku aliyoletewa habari ya kifo cha mumewe. Hiyo ndiyo alama pekee ya moto niliyowahi kuona kwenye kazi yake.

Nguo nyingi haziletwi na wenyewe. Zinakuja kwa pikipiki, Jumatatu na Alhamisi, kutoka Duka la Vioo, lile duka la dobi wa kisasa karibu na maofisi, ambako wakubwa hupeleka suti zao. Dirishani pana mashine kubwa nyeupe inayozunguka kutwa. Ukisimama pale ukaitazama vizuri, kama nilivyosimama mimi, utaona kwamba ndani yake linazunguka taulo moja la samawati, lile lile, tangu mwaka juzi. Nguo zenyewe zinaingia kwa mlango wa mbele, zinatoka kwa mlango wa nyuma, zinapanda pikipiki, zinakuja kwa dada yangu, zinarudi zimenyooka kama karatasi, kisha zinavishwa mfuko wa nailoni wenye jina la duka. Wakubwa wanaisifu mashine.

Mwaka huo shingo ya dada ikaanza kuvimba. Mwanzoni nilimtania kwamba ni matusi yangu aliyoyameza ndiyo yamemkwama. Baadaye sikutania tena. Rovu lilikua likawa kama ngumi ya mtoto, sauti ikawa ya msasa, na akilala chali unamsikia anavuta pumzi kama mtu anayekunywa maji kwa mrija ulioziba. Daktari wa hospitali kubwa akampiga picha, akamwambia uvimbe unabana njia ya hewa na lazima utolewe. Akampa tarehe: kumi na tisa ya mwezi uliofuata. Gharama zote zingebebwa na kadi yake.

Kadi yenyewe ni ya Bima ya Afya ya Wenye Kipato cha Chini. Bunge lilipitisha sheria yake miaka sita kabla, na dada alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, ameitunza ndani ya kopo la wanga. Sasa wiki ile ile aliyopewa tarehe ya upasuaji, waziri akatoa kanuni mpya. Kila mwenye kadi, kuanzia miaka kumi na minane hadi sitini, alete kila mwezi fomu ya kuonyesha kwamba amefanya kazi saa themanini, iwe na saini ya mwajiri na muhuri wa mwajiri. Asiyeleta, kadi inafungwa. Redioni wakasema fedha za umma si za kulelea wavivu.

Kwenye kibanda changu mjadala ulikuwa mkali kuliko wa bungeni, na wachangiaji walikuwa macho. Kinyozi wa jirani, mtu mwenye maoni mengi kuliko wateja, alisimama upande wa waziri.

"Mimi kila nikinunua sabuni nalipa kodi," alisema. "Kwa nini nimtibu mtu anayeshinda anacheza karata?"

"Unamsema nani?"

"Nasema kwa ujumla."

"Kwa ujumla hakuna mtu. Mtaje."

"Haya, yule mzee wa nyumba ya kona."

"Yule ana mgongo. Hawezi kuinama hata kufunga kiatu."

"Basi atibiwe mgongo, halafu afanye kazi."

"Kwa kadi gani?"

Kinyozi akapuliza nywele zilizonasa kwenye mashine yake. Nikadhani nimemmaliza, kumbe anavuta pumzi. "Na wewe je, fundi? Mwajiri wako ni nani?"

"Mwajiri wangu ni pancha."

"Pancha ina muhuri?"

Hapo alinipata, na ndipo nilipoelewa fomu ile inasema nini. Mtaa mzima ulikuwa unafanya kazi na hakuna aliyekuwa na mwajiri.

Dada aliisoma mara tatu juu ya meza ya pasi. "Kaka, hapa wameandika mwajiri. Wangu ni nani?"

"Duka la Vioo. Wewe ndiye unayelibeba lile duka. Twende."

Mwenye duka ni mtu wa manukato, unamnusa kabla hujamwona. Alitupokea kwa bashasha.

"Karibu, dada yangu. Kuna nguo imeungua?"

"Hakuna nguo iliyoungua. Nimeleta fomu."

Akaisoma, bashasha ikaisha njiani. "Nikigonga hapa, ninakuwa mwajiri wako."

"Nakufulia mwaka wa nne huu."

"Unanifulia, sikatai. Lakini sikukuajiri. Mtu ukimwajiri kuna likizo, kuna mafao, kuna watu wa idara ya kazi wanakuja na daftari. Wewe ni mshirika wangu."

"Basi mgongee muhuri mshirika wako."

"Hapa hawakuandika mshirika, dada yangu. Wameandika mwajiri."

Dada akaikunja fomu, akaitazama ile mashine inavyozunguka. "Taulo lako limechakaa," akamwambia, akatoka.

Ni hapo ambapo mimi, kaka mkubwa, niliamua kuokoa jahazi. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana, na muhuri wa chama unakaa kwangu, ndani ya kopo la spoku. Ni muhuri mzuri, wa duara, una wino wa zambarau. Nilimwambia dada aniachie fomu, kuna mkubwa mmoja ninamfahamu. Nikaijaza kwa mwandiko wangu bora. Penye mwajiri nikaandika chama. Penye saa za kazi kwa mwezi walitaka themanini, nami nikaona kama themanini zinatosha, mia nane zitawafurahisha zaidi. Nikasaini, nikagonga, nikamrudishia imekunjwa. Hakuifungua kwa sababu aliniamini, kosa ambalo hajalirudia mpaka leo.

Karani wa bima aliifungua.

"Mama, wewe unafanya kazi kwenye chama cha kuzikana?"

"Mimi? Mimi ni dobi."

"Hapa imeandikwa umewafanyia kazi saa mia nane mwezi uliopita. Mwezi mzima, mama, una saa mia saba na arobaini na nne, ukiweka na za kulala. Hao maiti wanakutuma wapi?"

Kadi ikafungwa papo hapo, tarehe mbili, na kwenye kompyuta wakaandika kwamba udanganyifu unachunguzwa. Zilibaki siku kumi na saba.

Dada alikuja kibandani akasimama mbele ya baiskeli niliyokuwa nimeipindua. Nilitamani apige kelele, lakini kelele hakuwa nazo. "Kaka," alisema kwa ile sauti ya msasa, "siku nyingine ukitaka kunisaidia, niombe ruhusa kwanza."

Kinyozi alikuwa anasikiliza, maana kazi yake ya pili ni hiyo. Akaja pole pole akiwa ameshika taulo. "Shemeji," akamwambia dada, anamwita hivyo kwa kujipendekeza, "mimi nilisema wavivu. Sikukusema wewe." Kisha akatuelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la madaftari, ambako aliwahi kusaidiwa wakati mwenye nyumba wake alipotaka kumtoa.

Wakili tuliyemkuta alikuwa binti mwembamba, umri wa wapwa zangu, amezungukwa na mafaili mpaka ukimtafuta unamwona nywele tu. Nikampa jina la Kijiti, naye hakulikataa. Tayari alikuwa na malalamiko ya fundi viatu mmoja na msusi mmoja, kadi zao zimefungwa vivyo hivyo.

"Mjomba," aliniambia, maana ndani ya dakika tano kila mtu huniita mjomba, "waziri hutunga kanuni chini ya sheria ya Bunge. Sheria inasema kadi ni ya mtu mwenye kipato cha chini, ili atibiwe. Imetaja kipato. Mwajiri haikumtaja popote. Waziri ameongeza mlango ambao Bunge halikuujenga."

"Basi tumeshinda."

"Bado. Watasema sheria hiyo hiyo imempa mamlaka ya kuweka utaratibu. Na watauleta muhuri wako."

"Ule ni muhuri halali."

"Wa mazishi, mjomba."

Akamgeukia dada, akamwuliza kama ana kitu chochote cha kuonyesha kazi yake: daftari la wateja, risiti, barua. Dada akatikisa kichwa. Kijiti akaandika kitu, akakikata. Akasema atafungua kesi kwa hati ya dharura kwa sababu ya upasuaji, na dada atakuwa shahidi wa kwanza. Mimi akanipangia kazi maalumu, kukaa benchi la nyuma kabisa nisikohoe.

Ilisikilizwa tarehe kumi na nne. Chumba kilikuwa na feni ya dari inayozunguka kwa uvivu, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wenye shida, na mbele, safu nzima ya wakubwa wa bodi ya bima waliovaa mashati yaliyonyooka. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Dada alivaa gauni la kijivu alilolipiga pasi hadi kunjo lake lingeweza kukata karatasi, na mtandio shingoni kufunika rovu.

Wakili wa serikali alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kutangazia mpira, na sitamwonea: alisema maneno ya maana. Alisema fungu la matibabu lina mwisho, halijai lenyewe kama kisima. Kila nchi inayotibu maskini wake lazima iulize nani anastahili, na waziri ameuliza kwa upole, saa themanini tu na muhuri mmoja. "Mtu anayefanya kazi kweli," alisema, "hashindwi kupata muhuri." Watu wa benchi la mbele wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi nilijikuta naanza kutikisa, nikajizuia.

Kisha akamhoji dada.

"Mama, unasema wewe ni dobi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Una mkataba wa kazi?"

"Sina."

"Hati ya mshahara?"

"Sina."

"Ila fomu hii unayo." Akainyanyua ili chumba kizima kione zambarau. "Muhuri huu ni wa nani?"

"Wa chama cha kuzikana."

"Nani aliugonga?"

"Kaka yangu. Yule pale anayetazama feni."

Chumba kizima kiligeuka. Niliendelea kuitazama feni, ilikuwa na mabawa matatu.

"Na wewe ulifanya kazi saa mia nane kwa chama hicho?"

"Hapana. Fomu hiyo ni ya uongo, mheshimiwa. Nimeshamwambia kaka."

Kijiti alifumba macho. Wakili wa serikali akatabasamu kama paka aliyefunguliwa kabati, akachukua karatasi nyingine. Ilikuwa barua ya Duka la Vioo, ambayo serikali yenyewe iliiomba na kuiweka kama kiambatisho cha tatu. Akaisoma kwa sauti: duka halina mfanyakazi wa maelezo hayo, na nguo zote za wateja wake hufuliwa na mashine ya kisasa.

"Kwa hiyo mkataba huna, mshahara huna, muhuri wako ni wa wafu, na duka unalolitaja halikujui. Hebu isaidie mahakama, mama. Itajuaje kwamba wewe unafanya kazi?"

Dada alimeza, na niliona inavyomuuma kumeza. Alipoongea ilibidi watu waache kukohoa ili wamsikie.

"Naomba mheshimiwa wakili ageuze kola ya shati lake."

"Samahani?"

"Kola. Kwa ndani, chini ya lebo."

"Mheshimiwa Jaji, shati langu si sehemu ya kesi hii."

Jaji akashusha miwani hadi nchani mwa pua. "Wakili, swali ni lako. Umeuliza itajuaje. Naona shahidi anajibu."

"Nitasema kabla hajageuza, asije akadhani nimechungulia," dada akaendelea. "Pana mishono miwili ya kijani imesimama, na mmoja umelala. Jina lako nimelijua leo, lakini wewe ni mtu wangu wa siku nyingi. Mashati sita kila Alhamisi. Suruali ya kijivu ilitobolewa mfuko wa kulia na funguo, nikauziba kwa uzi mweusi. Kikwapa cha lile la samawati nimekishona mara mbili, mwambie anayekununulia achukue saizi kubwa zaidi."

Hapa nieleze jambo la kazi, maana hata mimi niliyezaliwa naye sikuwahi kulifikiria kama ushahidi. Nguo zikitoka Duka la Vioo huja na vikaratasi vya namba, na kikaratasi kikiingia kwenye karai kinakuwa uji. Kwa hiyo dada humshonea kila mwenye nguo alama yake ya uzi, ndani ya kola au kwenye ukanda wa suruali, ndogo kama punje ya mchele. Rangi yake, idadi yake, iliyosimama na iliyolala. Watu mia na arobaini, wote kichwani, bila daftari. Mwenye nguo haioni kamwe, kwa sababu nani ana kazi ya kujitazama kwa ndani?

Wakili wa serikali alivua koti. Akalegeza tai. Akajaribu kuiona kola yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna binadamu aliyeliweza, akabaki anazunguka kama mbwa anayewinda mkia. Mwishowe karani wa mahakama akatumwa amsaidie. Akachungulia, akajisafisha koo.

"Mheshimiwa Jaji, ni ya kijani. Miwili imesimama. Mmoja umelala."

Kicheko kilianza polepole kwenye mabenchi ya nyuma. Kisha karani, badala ya kurudi mahali pake, akaingiza kidole ndani ya kola yake mwenyewe. Dada akamwangalia. "Wewe ni wa rangi ya chungwa, mmoja tu," akamwambia. Benchi la mbele likaanza kuhangaika. Wakubwa wa bodi ya bima wakawa wanageuziana kola mmoja baada ya mwingine, kama tumbili wanaotoana chawa, na kila mmoja akakutwa na uzi. Mkurugenzi wao alikuwa nyekundu mitatu. Kwa kweli watu waliokuwa wanabishana kama dada yangu anafanya kazi walikuwa wameivaa kazi yake shingoni.

Jaji aligonga meza mara mbili watu watulie. Nilimwona, na nadhani ni mimi tu niliyemwona, akiinua mkono akagusa ukosi wake mweupe, halafu akaushusha.

Kijiti alisimama kabla chumba hakijapoa. Akamwuliza dada anaanza kazi saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi. Anamaliza? Saa tisa alasiri, siku sita. Jaji mwenyewe akapiga hesabu: saa hamsini na nne kwa wiki. Nilimsikia kinyozi, aliyekuwa amefunga duka kuja kutazama, akinong'ona kwamba yeye hafikishi hata thelathini.

Nikadhani Kijiti atakaa chini na ushindi wake. Hakukaa.

"Mheshimiwa Jaji, sasa kila mtu ameona kwamba mama huyu anafanya kazi. Lakini sikuja hapa kuthibitisha hilo. Nimekuja kusema kwamba sheria haikumuuliza. Sheria iliuliza kipato chake, akajibu, ikampa kadi. Kama leo angekuwa hana kazi kabisa, bado kadi ingekuwa yake."

Wakili wa serikali, ambaye tai yake ilikuwa bado begani, akasema kwamba huko ndiko kufungua mlango kwa wavivu. Dada akaomba kuongeza neno moja. Jaji akamruhusu.

"Jirani yangu ana mgongo," alisema. "Hafanyi kazi kwa sababu anaumwa. Kwa fomu hii hatatibiwa kwa sababu hafanyi kazi. Mimi nimefua nguo za watu wengi, mheshimiwa, na sijawahi kuliambia shati lijisafishe kwanza ndipo nilipokee."

Akarudi kukaa. Wakili wa serikali alisema hana swali zaidi, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyosema siku hiyo.

Tulipotoka nje, kwenye ngazi, nilimvuta dada pembeni. "Na jaji je? Ni wako?"

"Zambarau mmoja umepinda."

"Kwa nini hukusema? Ungemaliza kesi pale pale."

"Yule ndiye anayeamua, kaka. Huwezi kumfungua mtu shingo mbele za watu halafu umwombe haki." Akafunga mtandio wake vizuri. "Na wewe utafungwa lini kwa ule muhuri?"

Sikufungwa. Niliitwa ofisini kwa bodi, nikaandika maelezo ya kurasa tatu ambayo kijana wa pale alisema hajawahi kusoma kitu kama hicho, na wakaniachia kwa onyo. Wanachama wenzangu wa chama cha kuzikana walininyang'anya muhuri. Sasa unakaa kwa kinyozi, na nasikia anaupaka mafuta.

Hukumu ilisomwa tarehe kumi na saba. Jaji alianza kwa kusema kwamba mahakama haiamui kesi kwa kola za mashati, akatazama juu kidogo, akaendelea. Alisema waziri anaweza kuweka utaratibu wa kupata matibabu, lakini hawezi kuweka sharti ambalo Bunge halikuliweka, na sharti hili linamnyima kadi mtu ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake. Alisema pia kwamba kumtaka mtu asiye na mwajiri alete muhuri wa mwajiri ni kumtaka alete kisichokuwepo. Kanuni ikafutwa. Kadi zote elfu arobaini na moja zilizofungwa zifunguliwe ndani ya siku moja. Mimi nasema kola ndiyo iliyoshinda. Kijiti anasema ni sheria. Tumeshalijadili mara nyingi, na sijashindwa hata mara moja. Sehemu ya mwisho ya hukumu sikuisikia, kwa sababu nilipiga kigelegele cha kiume na askari akanitoa nje kwa mkono.

Tarehe kumi na tisa, saa moja asubuhi, tulisimama dirishani hospitalini. Dada hakunipa kadi niishike. Aliipitisha mwenyewe chini ya kioo, na msichana wa mapokezi akaipitisha kwenye mashine, akasubiri, akaipitisha tena. Nilihesabu hadi kumi na moja.

"Imekubali," akasema msichana. "Wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Mama, umefunga kula?"

Alikuwa amefunga tangu jana yake, mimi ndiye niliyekuwa nimekula kwa ajili ya wawili. Wakamwingiza saa nne. Nilikaa kwenye benchi na wapwa zangu, nikawachekesha mpaka nesi akatuhamishia benchi jingine. Saa nane daktari akatoka akiwa amevua kofia. Uvimbe umetoka wote, alisema, na njia ya hewa iko huru. Nilimwuliza nyuzi alizomshonea ni za rangi gani. Hakuelewa, akasema haziwi na rangi, na wapwa zangu wakalia na kucheka kwa pamoja.

Duka la Vioo lilitoa taulo mashineni baada ya habari kuenea, likaweka shuka. Lakini wateja wengi walikuwa wameshajua njia ya kwenda uani, na mpaka leo kuna magari ya kiserikali yanayokwama kwenye ule uchochoro wetu. Wakili wa serikali huja mwenyewe Alhamisi, ameshika mashati yake sita mkononi. Mara ya kwanza alisimama mlangoni kama mchumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo. Na lile la samawati lirudishe dukani, nilishakwambia."

Hatukumaliza hapo, kwa sababu serikali haichoki haraka. Mwezi wa nne waziri akapeleka muswada bungeni, safari hii akitaka sharti la kazi liandikwe ndani ya sheria yenyewe, ili asiambiwe tena kwamba Bunge halikusema. Kamati ya Bunge ikaita wananchi watoe maoni. Wasomi walikuja na majedwali. Mtaa wetu ukampeleka dada, na mimi nikaomba ruhusa kwanza, akaniruhusu niende naye mradi nisijaze karatasi yoyote.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, na mwenyekiti wa kamati akamwonyesha kipaza sauti. Dada akakisogeza pembeni. Akasimama akasema jina lake, kazi yake, na kifungu anachokikataa, kifungu cha tisa, na sauti yake ikaenda ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Sijawahi kuisikia sauti hiyo tangu tukiwa watoto, alipokuwa akinisemea kwa mama. Aliongea dakika kumi na mbili. Alieleza habari ya mzee wa kona, ambaye sasa ametibiwa mgongo na anamsukia msusi mikeka ya kukalia wateja. Alieleza habari ya fundi viatu, na ya elfu arobaini na moja waliokaa siku kumi na tano bila kadi. Mjumbe mmoja aliinua mkono kumkatiza. Aliushusha mwenyewe.

Kamati ilipiga kura saa kumi jioni, kifungu cha tisa kikaondolewa kwa kura kumi na moja dhidi ya nne. Mwenyekiti alitaka kumshukuru shahidi, akamtafuta ukumbi mzima. Nilisimama kwa niaba ya familia nikamjulisha kwamba ameshaondoka, ana nguo za Alhamisi kwenye karai.